Barua ya Mwalimu Ogweno

Awuor aliniletea wasifu wa baba yake nimpigie chapa, na neno la kwanza kwenye karatasi lilikuwa uongo. Aliliandika kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko wa mtu aliyekuwa akilia: Profesa Barnaba Ogweno. Nina duka dogo mjini Migori, kompyuta mbili, mashine ya kutoa nakala na benchi la wateja, na tangu nistaafu nimechapa wasifu wa marehemu wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Mlevi nimemchapa kuwa mtu wa watu. Mwanamume aliyewafukuza wake wawili nimemchapa kuwa nguzo ya familia. Sikuwahi kuona taabu, maana wafu hao walikuwa wa wenyewe na uongo ulikuwa wa wenyewe. Lakini siku ile nilisoma neno lile moja, nikaigeuza karatasi uso chini juu ya meza. "Nakala mia tatu, Anti Boke," Awuor alisema. "Jalada liwe la rangi. Wazee wanataka hiyo Profesa ikuwe kubwa, ionekane hata na mtu ameketi nyuma." Yeye ni muuguzi Homa Bay, amepita miaka arobaini, na ana paji la uso la baba yake, pana na lenye mkunjo mmoja katikati. Nilimtazama, nikamwambia wino wa mashine umeisha. Wino haukuwa umeisha. Alinipa pole, mimi niliyestahili kumpa pole yeye, akavuka barabara hadi duka la pili, na kabla ya saa moja kupita nikamwona akitoka na boksi kichwani mwa mbebaji. Neno lilikuwa limechapwa mara mia tatu na mikono yangu ilikuwa safi. Nilifunga duka mapema, nikaketi kwenye benchi la wateja, nikajichukia.

Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa na miaka ishirini na moja. Nilikuwa nimesoma hadi kidato cha nne, nikafeli hesabu vibaya sana, nikajifunza kupiga taipureta Homa Bay, na mwalimu wangu wa taipu akanipeleka Rodi Kopany kwa mtu aliyetafuta mpiga chapa wa mwaka mzima. Mtu huyo alikuwa Daktari Ogweno, mwalimu wa hesabu katika chuo kikuu, aliyekuwa amepewa likizo ya mwaka ili aandike kitabu nyumbani kwao. Nilidhani daktari wa hesabu atakuwa mtu wa miwani minene na sauti kali. Nilimkuta mwanamume mrefu, mkimya, amevaa kandambili, amesimama katikati ya sebule yake akitazama ukuta. Alinisalimia kwa Kiswahili kwa sababu aliambiwa mimi ni Mkuria, na mwaka mzima tuliongea Kiswahili, chake kikiwa kizuri kuliko changu. Watu wa nyumba yake waliongea Kijaluo mbele yangu bila kujali, wakidhani sisikii. Nilikuwa nimekaa Osiri kwenye machimbo ya dhahabu miaka mitatu kabla ya hapo, na Osiri hakuna anayechimba bila kujifunza kusikia kila lugha inayomtaja.

Sebule ile naikumbuka kuliko chumba chochote nilicholala maishani. Meza ya kulia ilisukumwa dirishani, juu yake taipureta nyeusi iliyoazimwa chuoni, na kando yake kopo la maziwa lililojaa kalamu. Taipureta haina alama za hesabu. Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa ya aina yake: yeye alisimama nyuma yangu akisoma kutoka kwenye daftari lake, mimi nikapiga maneno, na kila alipofika kwenye alama alisema, "Pengo, nafasi nne," au, "Pengo, nafasi tisa na mstari mmoja mtupu." Jioni ya saa kumi, mashine ikinyamaza, nilichukua kalamu ya ncha nyembamba na rula ya plastiki yenye matundu ya alama, nikajaza mapengo yote kwa mkono huku nikitazama daftari lake. Nilichora alama zile bila kuzielewa, kama mtoto anayechora herufi za dini isiyo yake. Lakini nilizipata sawa. Mkono wangu haukutetemeka siku zile. Aliwahi kushika ukurasa dhidi ya mwanga wa dirisha, akasema, "Boke, hii ni safi kuliko wanavyochapa Ulaya," na nikalala na maneno hayo wiki nzima.

Mchana tulikula pale pale, kwenye kona ya meza, ugali na mboga chungu ya osuga, siku nyingine dagaa wa ziwani, omena, iliyokaangwa mpaka ikalia mdomoni. Ijumaa mke wake, Mama Awuor, alipika chakula cha siku mbili, maana walikuwa Waadventista na Sabato jiko halikuwashwa. Jumamosi tulikula ugali baridi, mgumu kama tofali, na Mwalimu, ambaye hakwenda kanisani kila mara, alikuwa akiukata vipande vidogo vya mraba kwa kisu na kuvipanga kwenye sahani kwa namna mbalimbali mpaka Awuor, aliyekuwa na miaka mitano, amcheke. Nilikwenda kusaga mahindi sokoni, nikawasikia wanawake kwenye foleni ya kinu wakisema kwa lugha yao. "Yule msichana wa Kikuria anafanya nini katika nyumba ile?" "Anapiga mashine. Bwana anaangalia ukuta, msichana anapiga mashine." "Na ukuta unalipa?" "Unalipa kuliko pamba, dada yangu. Tena hauhitaji mvua." Walicheka mpaka unga ukawapalia. Nilicheka nao kimoyomoyo, nikiangalia pembeni kama asiyesikia.

Kaka yake mkubwa aliitwa Elisha. Alikuwa diwani na mzee wa kanisa, mtu wa viatu vikubwa na sauti iliyoingia nyumbani kabla yake. Alikuja karibu kila siku. Yeye ndiye aliyeanza kusema Profesa, mapema kabisa, kabla ya chuo kusema. Mwalimu alikuwa amechapisha makala miaka sita nyuma, katika jarida la huko nje, na ndani yake kulikuwa na jambo alilolithibitisha ambalo watu wa hesabu waliliita kwa jina lake. Mimi sikulielewa na sijifanyi kulielewa leo. Nilijua tu kwamba kitabu tulichokuwa tukikichapa kilisimama juu ya jambo hilo, kwamba cheo cha uprofesa kingetolewa kwa ajili yake, na kwamba Elisha alilitangaza sokoni kama mtu anayetangaza ng'ombe. "Kanuni ya Ogweno!" alisema, akiketi na kunyoosha miguu. "Omera, jamani, ndugu yangu anatafuta X tangu akiwa darasa la saba. Haijapatikana mpaka leo, na serikali bado inamlipa. Mimi nikitafuta barabara ya lami miaka miwili tu, watu wanasema ni mwizi." Mwalimu alitabasamu na kurudi kwenye ukuta wake.

Ilikuwa mwezi wa nne, mvua ikipiga bati kiasi cha kumfanya asome kwa sauti kubwa. Tulikuwa kwenye sura ya tatu, ile iliyorudia uthibitisho wake wa zamani, neno kwa neno. Akasema, "Pengo, nafasi sita. Kisha: ni rahisi kuona kwamba. Kisha pengo, nafasi kumi na mbili." Nilikuwa nimeshapiga maneno hayo mara nyingi katika kitabu kile, ni rahisi kuona kwamba, na kila mara nilijisikia mjinga, maana mimi sikuona. Siku ile sijui nini kilinipa ujasiri. Labda kelele za mvua. Nikamuuliza bila kugeuka, "Mwalimu, ni nani anayeona?" Akauliza, "Nini?" Nikasema, "Hapa umesema ni rahisi kuona. Nauliza, ni nani aliyeona? Ulishaona wewe, ama unasema tu kama watu wanavyosema?" Alicheka. Akasema ni desturi ya watu wa hesabu, wanapofika mahali pafupi pasipo na haja ya kueleza, huandika hivyo na kupita. Akasema, "Ngoja nikuonyeshe ilivyo rahisi," akachukua karatasi. Aliandika mistari mitatu. Aliandika wa nne. Kisha mkono ukasimama, na mvua ikaendelea kupiga, na mimi nikabaki nimeweka vidole juu ya mashine nikingoja pengo linalofuata. Hakunipa. Aliniambia niende nipumzike.

Hakula siku ile wala iliyofuata. Mama Awuor alidhani ni malaria, akamchemshia dawa ya majani. Siku ya tatu aliniita sebuleni. Macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti yake ilikuwa tulivu, kama mtu anayesoma namba za nyumba. "Kule kwenu Osiri," aliniuliza, "shimo likichimbwa, kuta zinazuiwa na magogo, si ndiyo?" Nikasema ndiyo. "Shimo lina magogo mia. Tisini na tisa yameshika ukuta sawasawa. Moja limeegemea hewa. Utashuka?" Nikamwambia sishuki, na tena nitamkataza anayeshuka. "Basi," akasema, "gogo langu ni lile uliloniuliza. Nimepita juu yake miaka sita. Watu watano wamejenga kazi zao juu ya yangu. Wako chini ya shimo, Boke, na hawajui." Nilimuuliza kama gogo haliwezi kuwekwa lingine. Alisema huenda, lakini hajui, na wakati hajui ni lazima aseme hajui. Nilikuwa nimewaona Osiri watu waliojua gogo limelegea na wakanyamaza mpaka zamu ya wenzao iingie. Nilimtazama mtu huyu wa kandambili nikaona sijawahi kukaa karibu na usafi wa namna hiyo.

Alinisomea barua kwa mhariri wa jarida nikaipiga chapa mara moja bila kosa hata moja. Ilikuwa ya ukurasa mmoja na nusu. Ilisema kwamba katika ukurasa fulani wa makala yake kuna hatua ambayo hakuithibitisha, kwamba kanuni yote isichukuliwe kuwa kweli, na kwamba anaomba notisi hiyo ichapwe mahali ambapo kila mtu ataiona. Alipomaliza kutia sahihi, malaria ya kweli ikamshika. Alitetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Akaniambia kesho yake niende Homa Bay, posta, nikaitume mimi mwenyewe. "Usimpe mtu," alisema. Maneno hayo mawili aliyasema waziwazi, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na niliyasikia.

Asubuhi nilipotoka na bahasha mfukoni, Mama Awuor, aliyekuwa ameisikia barua ikisomwa, aliniita jikoni. Elisha alikuwa ameshaketi, na mbele yake kulikuwa na kuku mzima katika mchuzi, asubuhi ile, siku ya kazi. Katika nyumba ile kuku alikuwa na mpangilio wake, firigisi ya mwenye nyumba, paja la mgeni wa heshima, na msichana wa kazi kama mimi alifika kwenye shingo. Elisha alichukua paja kwa mkono wake mwenyewe akaliweka kwenye sahani yangu. "Kula, Nyar Kuria," alisema, ndiyo kusema binti wa Wakuria. "Wewe ni mtu wa hapa sasa." Nilikula. Mafuta yalinitiririka mpaka kwenye kiwiko. Walingoja nimalize nusu, ndipo Mama Awuor akaongea, polepole, akiangalia moto. "Kule chuoni miaka tisa tumekaa nyumba ya chumba kimoja, mwanangu. Kule Awuor analala chini ya meza. Wakisikia mambo haya, hicho cheo kitaenda kwa mwingine, na huyo mwingine hataandika barua hata akikosea kitabu kizima." Hakuwa mtu mbaya. Nataka hilo lijulikane. Alikuwa amechoka tu, na uchovu wake ulikuwa wa haki.

Elisha hakuwa amechoka. Alifuta vidole kimoja kimoja. "Kosa ambalo limelala miaka sita bila kuuma mtu," alisema, "hilo si nyoka. Ni kamba. Mgonjwa ana homa, anaona kamba, anasema nyoka. Sisi tuna afya, tumwamini nani?" Nikasema aliiandika kabla ya homa. "Sikatai. Kwani nimesema tuichome? Barua si mwizi, ikikaa siku mbili haikimbii. Nipe niiweke. Akipona, akitaka bado, nitaipeleka mimi kwa gari la kaunsili." Kisha akaongeza kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, kwamba ofisi moja kule Migori inatafuta karani wa kupiga chapa, kazi ya kudumu, na kwamba yeye na bwana mkubwa wa pale walibatizwa siku moja, mto mmoja. Nilinawa mikono. Nilitoa bahasha, nikaona nimeacha alama ya kidole cha mafuta kwenye kona yake, nikampa.

Nimesikia watu wakisema kwamba hawajui ni nini kiliwaingia. Mimi najua. Nilitaka kazi ile. Nilitaka kurudi Migori nikiwa na viatu vya kisigino na funguo za droo. Na zaidi ya hapo kulikuwa na kitu kibaya kuliko tamaa: nilifurahi kwamba wakubwa wawili wameketi kunibembeleza mimi. Jioni, Mwalimu, amefunikwa blanketi mbili, aliniuliza, "Umeituma?" Nikasema, "Nimeituma, Mwalimu." Akasema ahsante, akageukia ukuta akalala usingizi mzuri wa kwanza baada ya siku nyingi. Nilikwenda nyuma ya jiko nikalitapika paja lile lote. Tumbo langu lilikuwa na dhamiri kuliko mimi.

Ndipo ikaja miezi ambayo mpaka leo nikiikumbuka ngozi hunisisimka kwa karaha. Siku mbili za Elisha hazikuisha kamwe. Mwalimu alipopona hakushuku chochote, kwa sababu majarida yale yalikuwa na kasi ya kobe. "Hawa watu hukaa miezi minne, mitano," aliniambia. "Watakuwa wanaipima." Kila Ijumaa, mtu wa duka lililopokea barua za soko alipofika na mfuko wake, Mwalimu alitoka hadi barazani kungoja. Kila Ijumaa nilimwona akipokea magazeti ya zamani na risiti, akizipekua, akiziweka chini. "Bado," aliniambia, na mimi nikasema, "Bado, Mwalimu," kwa sauti ya mtu anayesikitika pamoja naye. Tuliendelea na kitabu, lakini si sura ya tatu. Alijaribu kuliweka gogo jipya. Alijaza madaftari saba akijaribu. Mama Awuor alimpikia samaki bora, akaacha kunitazama machoni. Elisha aliingia na kutoka, akila, akitania, akiniita binti yake. Sote watatu tulikaa kuzunguka mtu mmoja mnyofu kama nzi wanaozunguka kidonda, na kidonda hakikujua kuwa ni kidonda.

Mwezi wa kumi na moja barua ilikuja, si ya jarida bali ya chuo. Alikuwa amepewa uprofesa. Elisha aliichukua mkononi mwa Mwalimu kabla hajamaliza kuisoma, akapiga yowe lililotoa watu kwenye mashamba. Sherehe ikapangwa Jumapili ya pili. Ng'ombe dume alifungwa nyuma ya nyumba siku tatu kabla, na siku zile tatu tuliishi na harufu ya kinyesi chake sebuleni, juu ya karatasi zangu safi. Asubuhi ya sherehe nilipeleka chai, nikamkuta Mwalimu ameketi peke yake kwenye kiti changu cha taipureta, amevaa joho jekundu aliloazimwa. Nje spika zilikuwa zikijaribiwa. Alikuwa na sura ya mtu aliyekwishaamua kuacha kubishana. "Nimefikiri sana, Boke," alisema. "Mimi niliwaambia. Tangu mwezi wa nne niliwaambia. Jarida halikujibu, na watu hao hao wa hesabu ndio waliokaa kwenye kamati wakasema nipewe. Wanajua, na hawajali. Basi labda hivi ndivyo ilivyo. Labda ni mimi peke yangu niliyedhani jambo lazima liwe kweli."

Ningeweza kuvumilia kumwona amedanganywa. Lile sikuweza kuvumilia, kwamba bahasha yangu yenye mafuta ilikuwa imefika mbali hivyo, ndani kabisa ya kichwa chake, inakula kile alichokuwa nacho. Nikaweka chai chini. Nikasema, "Mwalimu, hawajui. Barua haikwenda. Nilimpa Mzee Elisha siku ile ile." Nilingoja anipige au alie. Akauliza, "Haikufika kabisa?" Nikasema haikufika. "Kwa hiyo hawajui," alisema, na uso wake ukafunguka. Naapa, alifurahi. Alisimama, akashika kingo za meza, akacheka kidogo kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake yu hai. "Hawajui! Wao wako sawa, Boke. Ni sisi tu." Hakuniambia neno la ukali. Angenitukana ningekuwa na kitu cha kushika mpaka leo.

Alitoka na joho lake moja kwa moja hadi kwenye maikrofoni, katikati ya wimbo wa kwaya. Alisema kwa Kijaluo, na nilisikia kila neno. Alisema kazi iliyompa cheo ina kosa. Alisema alilijua tangu mwezi wa nne, kwamba atakiandikia chuo kesho akikatae, na kwamba anaomba radhi kwa ng'ombe. Kisha mwendesha sherehe akamnyang'anya maikrofoni akapaza sauti: "Mnaona? Mnaona msomi wa kweli? Mjinga hasemi amekosea! Mpigieni makofi Profesa!" Na watu wakapiga makofi. Walipiga vigelegele. Elisha alicheka mpaka akafuta machozi, akamkumbatia mbele ya wote. Mwalimu alijaribu tena kusema, mdomo wake ukaenda, lakini spika ilikuwa imerudishiwa kwaya. Kisha nyama ikaletwa. Nilisimama mlangoni nikitazama midomo ikimeta mafuta, mifupa ikinyonywa, mikono ikipanguswa kwenye nyasi, watu mia kadhaa wakishiba kwa ajili ya jambo lisilokuwa kweli, nalo wametoka kuambiwa si kweli. Sijala nyama ya ng'ombe kwenye sherehe tangu siku ile.

Jumatatu alikwenda posta mwenyewe. Cheo alikikataa kwa maandishi, na jarida lilichapa notisi yake mwaka uliofuata, mistari michache mwishoni mwa toleo. Chuo hakikujua la kufanya na mtu wa namna hiyo. Kikamwacha alipokuwa, na pale akabaki hadi kustaafu, Daktari Ogweno, akifundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza mambo ya mwaka wa kwanza. Gogo hakuliweka, ingawa nasikia alijaribu mpaka macho yalipomwishia. Mwishoni alifundisha vipindi viwili kwa wiki hapa Migori, katika tawi la chuo lililopanga ghorofa juu ya duka la vifaa vya ujenzi, akishindana na kelele za watu wanaokata mabati. Wanafunzi waliokuja kwangu kuchapa kazi zao waliniambia alikuwa mpole katika kila jambo ila moja: ukiandika ni rahisi kuona, alikurudishia karatasi nzima.

Na mimi nilichukua kazi. Msomaji asije akadhani kukiri kwangu kulinisafisha. Elisha alitimiza ahadi yake, pengine ili ninyamaze, nami nikaenda Migori nikakalia kiti kile hadi kustaafu. Chakula changu chote, hata mashine hizi za duka, vimetoka kwenye kile kiti. Wakati mmoja Mwalimu aliingia ofisini kutafuta fomu, akanikuta dirishani. Tulisalimiana vizuri. "Bado unauliza maswali, Boke?" alisema. Nikamjibu, "Hapana, Mwalimu. Hapa hatuulizi." Alitikisa kichwa taratibu, akachukua fomu, akaenda.

Alizikwa Jumapili iliyopita, Rodi Kopany. Nilikwenda, nikaketi nyuma, na Awuor alisema kweli: neno lile lilionekana hata nyuma. Lilikuwa kwenye programu, kwenye fulana za vijana, kwenye kitambaa kilichofungwa mbele ya turubai. Kila aliyeshika maikrofoni alisema Profesa. Mtu wa siasa alisema kanuni ya Ogweno bado inatumika dunia nzima. Elisha, mzee sana sasa, miguu imevimba ndani ya viatu vile vile vikubwa, alipokea pole kama mtu anayepokea zawadi. Mama Awuor alikwishatangulia, kwa hiyo hakuna aliyekuwa akidanganya kwa makusudi, isipokuwa yeye na mimi. Wengine walirudia walichokirithi. Awuor alikuwa safu ya mbele, programu imekunjwa kifuani, akiitikia kwa kichwa kila jina lilipotajwa.

Foleni ya kumtazama ilipofika kwangu niliinama juu ya kioo cha jeneza. Walikuwa wamemvalisha joho. Nikamnong'oneza, "Mwalimu, wamechapa. Lakini si mimi." Niliyasikia maneno hayo yakitoka mdomoni mwangu: si mimi. Miaka arobaini, na hicho ndicho nilichomletea: habari kwamba mikono yangu ni safi. Nilitoka kwenye foleni, nikaenda kwenye meza ndogo kando ya spika, alipokaa mwanamke kijana wa kamati aliyeandikisha wasemaji. Aliniuliza jina, nikamwambia. "Na uhusiano wako na marehemu, Mama?" aliuliza, kalamu ikiwa tayari. "Ndugu? Kanisa? Mfanyakazi mwenzake?"

"Mimi ndiye niliyeficha barua yake," nilisema.

Kalamu ilisimama. Aliniangalia, akaangalia upande wa Elisha, akaniangalia tena. "Niandike hivyo?"

"Andika hivyo."

Akaandika.